UKUMBI WA RIZIKI YA NYUMBANI: Mashine ya Kutotoleshea Vifaranga, na Maana ya Urahisi



Mwezi huu ukumbi wetu unajibu swali ambalo tumeulizwa mara nyingi, na akina mama majumbani na akina baba wanapokutana baada ya sala ya Ijumaa pale msikiti wa Xianxian. Swali lenyewe ni hili: Ni mashine ipi ya kutotoleshea vifaranga iliyo ya bei nafuu, inayofaa kununuliwa hapa Guangzhou na kupelekwa kwa mama, dada au mke aliyebaki nyumbani Tanga, Mombasa, Unguja au kwingineko?

Kabla ya jibu, hapana budi tuondoe dhana moja. Wapo waliouliza kama yafaa kutotolesha vifaranga hapa hapa, katika fleti zetu. Haifai. Kanuni za China za mwaka 1992 kuhusu sura na usafi wa miji zinakataza kufuga kuku na bata ndani ya eneo la mji, ila kwa haja maalumu kama mafunzo na utafiti. Sisi ni wageni, na wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Vilevile asithubutu mtu kutia mayai ya mbegu katika mzigo wake. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa kuchelea homa ya mafua ya ndege. Ikiwa hivyo ndivyo vilivyofanywa vya jirani, sembuse mayai ya kutoka ng'ambo ya bahari! Mashine ipelekwe, mayai yatafutwe huko huko.

Habari ya Muheza

Naomba radhi kwa kutanguliza habari yangu mwenyewe, kwani si habari ya kujisifu.

Mwaka 2019 nilimnunulia dada yangu aliyeko Muheza mashine ya mayai 176. Niliichagua katika duka moja la mji huu kwa sababu mbili tu: bei yake ilikuwa chini kuliko ya nyingine, na idadi ya mayai ilikuwa kubwa kuliko ya nyingine. Ilikaa chumbani kwangu siku nne ikisubiri kontena, nami sikuiwasha hata dakika moja. Ajenti alipokuja kuichukua nilijihesabu kuwa nimetenda wema mkubwa.

Dada hakuwa na kuku wa kutosha kuijaza mashine hiyo. Akapita kwa majirani, akakusanya mayai kwa makubaliano kwamba kila mwenye mayai atapewa nusu ya vifaranga vyake. Alilala chumba kimoja na mashine ile usiku baada ya usiku. Kioo kilionyesha nyuzi 37.8, asubuhi na jioni, bila kubadilika. Siku ya 19, kabla ya wakati wao, wakatoka vifaranga 9, baadhi yao miguu imepinda. Hapakutoka kingine. Fundi redio wa mtaani alipotia kipimajoto cha homa ndani ya mashine, kilisoma nyuzi 39 na nusu. Kioo kilikuwa kikisema uongo tangu siku ya kwanza.

Dada alilipa mayai ya watu kwa muda wa miezi mitano, kidogo kidogo, kutokana na fedha za maandazi. Hakunitamkia neno la lawama, nami nilitamani anilaumu. Kipimajoto cha homa cha watoto wangu kilikuwa katika droo ya chumba kile kile ambamo mashine ililala siku nne. Muuzaji ana sehemu yake ya kosa, lakini iliyo kubwa zaidi ni yangu mimi niliyenunua bila kupima.

Kwa hiyo jibu letu laweza kusemwa kwa maneno machache: mashine rahisi ni ile iliyopimwa hapa kabla ya kusafiri, na ambayo aliyeko nyumbani ataweza kuiendesha hata siku umeme unapokatika. Yaliyobaki ni maelezo.

Kazi ya kuku, kazi ya mashine

Kuku anapoatamia hufanya kazi nne. Huyapa mayai joto. Huyahifadhi yasikauke kupita kiasi. Huyageuza mara nyingi kwa siku. Na huinuka mara moja moja, hewa ikapita. Mashine yoyote, iwe ya dhahabu au ya boksi la povu, hununuliwa kwa ajili ya kazi hizo nne.

Joto linalotakiwa kwa mayai ya kuku, katika mashine yenye feni, ni nyuzi 37.5 hadi 37.8 za Selsiasi kwa siku zote 21. Mashine isiyo na feni huwa na joto kubwa juu na dogo chini. Hiyo hupimwa usawa wa juu ya mayai, na hutakiwa isome kati ya nyuzi 38.3 na 38.9. Unyevu wa hewa uwe asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, na asilimia 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Mayai yageuzwe si chini ya mara tatu kwa siku, na kugeuza kukome siku ya 18, maana hapo kifaranga anajipanga kutoka. Kwa wanaofikiria ndege wengine: kwale huchukua siku 17 au 18, bata wa kawaida 28, na bata mzinga 28.

Ajabu ni kwamba elimu hii imekaa hapa China muda mrefu kabla ya umeme. Watu wa kusini walitotolesha bata na kuku katika vikapu vilivyozungushiwa makapi ya mpunga yaliyopashwa moto. Na Wamisri walifanya hivyo katika matanuri makubwa ya udongo. Mmarekani F. H. King, aliyetembelea China mwaka 1909 na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1911, alieleza jinsi watunzaji wa hapa walivyopima joto la yai kwa kuliweka kwenye jicho. Hawakuwa na kioo cha namba. Walikuwa na mtu mwangalifu asiyelala. Mpaka leo moto ndio ulio rahisi katika kazi hii, na uangalifu ndio ulio ghali.

Mambo ya kutazama dukani

Kwanza, ukubwa. Anayeanza asizidi mashine ya mayai 30 hadi 60. Mashine kubwa humlazimisha mtu kutafuta mayai asiyokuwa nayo, au kuyakaza yaliyolala wiki mbili, na yai likikaa zaidi ya siku saba uwezo wake wa kuanguliwa hupungua. Zaidi ya hayo, idadi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingine ni ya mayai madogo. Chukua mayai machache ya jikoni kwako, uyapange katika trei mbele ya muuzaji, uhesabu mwenyewe.

Pili, feni. Mashine yenye feni inayosambaza joto sawasawa ni bora kwa mtu asiye mzoefu. Sikiliza feni inavyozunguka. Ikikwaruza dukani itakwama Muheza.

Tatu, kugeuza mayai. Mashine inayogeuza yenyewe kwa mota humwokoa mama asiamke usiku, tena haimlazimishi kufungua kifuniko na kupoteza joto. Hata hivyo mota ndogo ndicho kifaa kinachoharibika upesi. Nunua mota moja ya akiba pamoja na mashine. Hapa bei yake ni ndogo. Huko huenda isipatikane kabisa. Nunua pia kidhibiti joto kimoja cha akiba na feni moja.

Nne, umeme. Hapa tunatumia volti 220, Tanzania 230, Kenya na Uganda 240, na kote mizunguko ni 50 kwa sekunde, hivyo mashine haitahitaji transfoma. Tatizo ni plagi. Miguu ya plagi ya China haiingii katika soketi zetu za miguu mitatu ya Kiingereza, na adapta inayolegea itapata moto ikikaa siku 21 mfululizo. Ni afadhali fundi abadilishe plagi na kutia yenye fyuzi. Tena chagua mashine yenye njia mbili za umeme, yaani ile ya ukutani na ile ya betri ya volti 12.

Tano, lugha. Maelezo ya Kichina hayatamsaidia dada. Kabla ya kufunga boksi, kaa na mtoto wako anayesoma Kichina shuleni, mwandike kwa Kiswahili kila kitufe na kazi yake, mbandike karatasi hiyo kwenye kifuniko. Hiyo ni kazi ya jioni moja, na mtoto atajua kuwa masomo yake yamemfaa shangazi.

Majaribio ya siku tatu

Viwanda vingi vya mashine hizi viko Nanchang, mkoani Jiangxi, na Dezhou, mkoani Shandong. Wauzaji wengi wa hapa hupitisha tu mzigo, na mara nyingi hata wao hawajaiwasha mashine wanayoisifu. Kwa aliyenunua kwa matumizi yake kwa njia ya mtandao, sheria ya China ya kulinda walaji, kama ilivyorekebishwa na kuanza kutumika Machi 2014, inampa siku saba za kurudisha bidhaa nyingi bila kutoa sababu, mradi iwe katika hali nzuri. Yai huchukua siku 21, na ruhusa ni siku saba. Kwa hiyo usingoje kifaranga akuletee habari. Pima mapema, na boksi lake ulitunze.

Siku ya kwanza, weka mashine mbali na dirisha na mbali na kiyoyozi. Tia maji kidogo mahali pake, na badala ya mayai weka chupa ndogo zilizojaa maji. Iwashe, uiache usiku kucha itulie.

Siku ya pili, tia vipimajoto vya homa, vile vya kumpimia mtoto, usawa wa mayai: kimoja katikati na vingine pembeni. Vipimajoto hivi hutengenezwa ili viwe sahihi katika nyuzi 35 hadi 42, ambazo ndizo tunazozihitaji. Vile vya zebaki hubaki kwenye joto la juu kabisa vilipofika, hivyo vikung'ute kabla ya kila kipimo. Linganisha na kioo cha mashine. Tofauti ikiwa ndogo, tena ni ile ile kila saa, kioo hurekebishwa kwa kitufe chake. Tofauti ikirukaruka, au pembe moja ikiachana na nyingine kwa nyuzi nzima, irudishe mashine bila ya kuoneana haya.

Siku ya tatu, pima kipimaunyevu, kama ni cha kutenganishwa. Tia chumvi ya jikoni katika kifuniko cha chupa, ilowanishe kwa maji machache iwe kama uji mzito, uiweke pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri mpaka kesho yake. Hewa ya mfuko huo hufika asilimia 75. Kikisoma 68, basi ujue kinapunguza 7, na uandike hivyo kwenye ile karatasi ya Kiswahili. Wala usihukumu matumizi ya maji kwa hewa ya Guangzhou, hasa zile siku za Machi na Aprili ambapo kuta zetu hutoka jasho. Pwani yetu nayo ina unyevu, na huenda maji machache yakatosha. Dodoma au Nairobi yatahitajika zaidi.

Hesabu ya urahisi

Bei hubadilika kila mwezi, kwa hiyo tutoe mfano wa kukadiria tu. Chukua mashine mbili za mayai 60. Moja ni yuani 300, nayo huangua mayai 40 katika kila 100. Ya pili ni yuani 450, nayo huangua 70 katika kila 100. Katika awamu moja ya kwanza itatoa vifaranga 24, ya pili 42. Tofauti ni vifaranga 18 kila awamu. Na katika awamu kumi ni vifaranga 180. Yuani 150 tulizojivunia kuziokoa zimekula vifaranga 180, mbali na mayai yaliyooza. Ni ipi basi iliyo rahisi?

Kuhusu umeme, tuseme mashine imeandikwa wati 80, na joto likishatulia hufanya kazi kwa wastani wa nusu ya muda. Hiyo ni wati 40 kwa saa 24, kwa siku 21: jumla uniti 20 hivi za LUKU au za tokeni. Zidisha kwa bei ya kwenu, ugawe kwa vifaranga unaowatarajia.

Umeme ukikatika

Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 kwa saa ina nguvu ya wati 1,200 kwa saa. Betri ya aina ya gari haifai kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo tuna 600. Mashine yetu ya wati 40 itakwenda saa 15, na pungufu kidogo kwa upotevu wa njiani. Usiku mmoja unavukwa.

Asiye na betri asikate tamaa. Azibe matundu ya hewa, afunike mashine kwa blanketi, aweke chupa za maji ya moto pembeni ya mayai bila kuyagusa. Asifungue kutazama. Kijusi huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko kinavyovumilia joto la kupita kiasi. Katika siku za mwisho vifaranga hujitengenezea joto lao na huhitaji hewa. Hapo tundu moja libaki wazi. Umeme unaporudi kwa kishindo, kile kifaa cha kulindia friji kitailinda na mashine.

Kabla na baada

Mashine haiwezi kutia uhai katika yai lisilo na mbegu. Jogoo mmoja kwa matetea wanane hadi kumi yatosha. Mayai yawe safi kwa asili yake, yasioshwe, yasitiwe kwenye friji, ncha iliyochongoka ielekee chini. Siku ya saba yamulikwe gizani kwa taa ya simu: lenye mishipa kama buibui lina uhai, lililo jeupe litolewe. Siku ya 18 yamulikwe tena, kisha kifuniko kisifunguliwe mpaka vifaranga watoke na manyoya yakauke. Wasihurumiwe kwa haraka, kwani kifaranga huishi kwa kiini alichokimeza siku mbili bila kula.

Tena, ndugu zangu, asitume mtu mashine bila kutuma na fedha ya chanjo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, humaliza banda zima kwa wiki moja. Tanzania ina chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha na kutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Vifaranga 40 waliochanjwa ni mali. Vifaranga 400 wasiochanjwa ni msiba unaosubiri siku yake.

Na mwenye kuazima mayai ya watu ayaandike: ya nani, mangapi, na yakiharibika nani atabeba hasara. Dini yetu imetuamrisha kuandika madeni, na yai la jirani ni amana kama fedha yake.

Hitimisho

Nilimpelekea dada mashine nyingine, ya mayai 48, baada ya kuipima chumbani kwangu siku tatu huku watoto wakicheka chupa za maji zilizoatamiwa. Awamu ya kwanza alitia mayai ya kuku wake mwenyewe, 30 tu, akapata vifaranga 21. Siku hizi majirani wawili kati ya watano humletea tena mayai yao. Watatu hawajarudi, na hawalaumiki. Haba na haba hujaza kibaba, na imani ya watu nayo hujazwa hivyo hivyo.

Aliye na mashine inayosubiri kontena chumbani kwake usiku huu, na aiwashe.

Tukijaaliwa, mwezi ujao tutazungumzia namna ya kufunga vyombo vya kioo na vya umeme visivunjike safarini. Mwenye swali amkabidhi anayekuletea jarida hili.